Lucy Parsons hakuwa mjane wa mtu tu, tusome alichoandika

Lucy Parsons, mwandishi na mpiganaji wa haki za wafanyakazi wa Marekani, akitajwa, hata na watu wanaompenda, kinachotangulia ni mume. Mjane wa Albert Parsons, yule aliyenyongwa Chicago mwaka 1887. Baada ya hapo ndo inafuata kwamba alikuwa mzuri wa sura, ana sauti ya kuvuta watu, polisi walikuwa wanamwogopa, na mwisho wake aliungua na nyumba. Alichoandika kinakuja mwisho kabisa, kama kinakuja. Hili linaniuma kwa sababu huyu mama aliishi miaka 54 baada ya mume wake kunyongwa, akahariri magazeti, akazunguka Marekani kutoka mji hadi mji akihutubia, akalala mahabusu mara nyingi sana, na hotuba yake nzito kuliko zote aliitoa 1905, wakati Albert yuko kaburini karibu miaka 18. Mtu wa namna hiyo ukimwita mjane halafu ukaishia hapo umemdhulumu.

Ninachotaka kusema kuhusu maandishi yake ni hiki. Wengi wanaomsoma wanakimbilia yale ya ujanani, ya baruti, kwa sababu ndo yana moto na ndo yanapendeza kuwekwa kwenye bango. Mimi naona Lucy mwenye akili kubwa zaidi ni yule wa baadaye, aliyeacha kumwambia mtu mmoja mwenye njaa achukue bomu na akaanza kuwaambia wafanyakazi wote wajipange wakiwa mle mle kazini, wanawake wakiwemo. Huyo wa pili ndo katuachia urithi, na urithi wenyewe tunao mpaka huku kwetu, jina lake ndo halipo.

Tuanzie mbali kidogo. Utafiti wa mwanahistoria Jacqueline Jones uliotoka 2017 unaonyesha alizaliwa mtumwa Virginia mwaka 1851, akapelekwa Texas wakati wa vita ya wenyewe kwa wenyewe, akakulia maeneo ya Waco. Yeye mwenyewe maisha yake yote alikuwa anasema ana asili ya Meksiko na ya Wahindi Wekundu, akajiita Gonzalez, na alikana kuwa Mweusi. Huko Waco akakutana na Albert, kijana wa kizungu aliyepigana upande wa Kusini, upande wa wenye watumwa, kisha akageuka na kuanza kuwatetea Weusi waliopewa uhuru, jambo lililomletea maadui wengi. Mzungu na mwanamke kama yule wameoana, Texas ya miaka ya 1870, hapakukalika. Mwaka 1873 wakahamia Chicago.

Albert alikuwa mpanga herufi kwenye kiwanda cha magazeti. Mwaka 1877 ukaja mgomo mkubwa wa reli ulioenea nusu ya nchi, Albert akahutubia wagomaji, akafukuzwa kazi na jina lake likawekwa kwenye orodha ya watu wasioajiriwa tena mjini. Lucy akafungua kazi ya ushonaji nguo, yeye ndo akawa mlishaji wa nyumba. Hili watu wanalipita haraka lakini mi naona ni la msingi sana, kwa sababu huyu mwanamke aliyekuja kuandika kuhusu mshahara hakuujua mshahara kwa kusoma vitabu, aliujua kwa sindano na uzi, kwa mteja anayechelewesha hela, na kodi ya nyumba haisubiri. Yeye mwenyewe baadaye kwenye mhadhara wake kuhusu misingi ya uanarkisti alisema mgomo ule wa 1877 ndo ulimfungua macho juu ya suala la wafanyakazi, na kwamba mwanzoni aliamini kama wengi wanavyoamini kwamba serikali inaweza kugeuzwa ikawa chombo cha wanyonge. Akaja kuona haiwezekani. Ndo akawa anarkisti, yaani mtu anayeamini jamii inaweza kujiendesha kwa watu kushirikiana bila serikali wala tajiri kukaa juu yao.

Sasa tuje kwenye andiko lake maarufu. Oktoba 1884 gazeti la The Alarm, ambalo Albert alikuwa mhariri, lilitoa barua ya Lucy kwa wazururaji wasio na kazi. Anaanza kwa kuwaita wale 35,000 anaosema wanatembea mitaa ya Chicago mikono mfukoni, wanaangalia utajiri ambao hata kipande hawana, na njaa inawatafuna tumboni. Halafu anafanya kitu ambacho mwandishi wa kawaida hafanyi. Hamhurumii huyo mtu. Anamhoji. Si ulifanya kazi tangu unapata nguvu za kufanya kazi? Si ulikuwa unaamka alfajiri na kurudi usiku? Si hata pale ulipokuwa kazini ulikuwa huna akiba? Basi mbona unaambiwa ni uvivu wako? Anampeleka swali kwa swali mpaka huyo mtu mwenyewe aone kwamba hakukosea popote, alifanya kila alichoambiwa, kiwanda kilipojaza bidhaa akatupwa nje. Na anajua kabisa kwamba huyo mtu anafikiria kwenda kujitupa ziwani, Ziwa Michigan lipo pale pale mjini, kwa hiyo anamwandikia akiwa kwenye ukingo wa maji baridi na kumwambia geuka, usife peke yako, pita kwanza mitaa ya matajiri uchungulie madirishani uone waliokuibia.

Mpaka hapo ni uandishi wa hali ya juu, nasema kweli. Anaijua aibu ya mtu asiye na kazi, namna inavyomfanya ajichukie mwenyewe badala ya kuuliza maswali. Lakini mwisho wa barua anawaambia wajifunze kutumia baruti. Tena anasema wazi kwamba huna haja ya kuwa na kikundi, kila mmoja anaweza kuifanya mwenyewe.

Hapa siwezi kumpaka mafuta. Ni makosa, na si kwa sababu za adabu peke yake. Anamchukua mtu ambaye kaonyesha vizuri kabisa kwamba tatizo lake ni la mfumo mzima, la kiwanda na soko na umiliki, halafu dawa anayompa ni ya mtu mmoja gizani. Ugonjwa ni wa wote, tiba ni ya mmoja. Haviendani. Na mtu aliyekuwa anaelekea kujiua unamgeuza aende kufa kwa njia nyingine na kuondoka na wapita njia. Wanaomtetea wanasema polisi na majeshi ya kukodiwa ya wenye viwanda walikuwa wanapiga wagomaji risasi bila kuulizwa, na ni kweli kabisa, walikuwa wanafanya hivyo, na hasira yake naielewa. Kuielewa hasira hakuifanyi ile shauri iwe nzuri.

Na ile shauri ilikuja kuwarudia wao. Mei mosi 1886 wafanyakazi wa Marekani waligoma kudai siku ya kazi iwe saa nane, wakati wengi walikuwa wanapiga saa kumi, kumi na mbili na zaidi. Chicago peke yake waliandamana watu kama 80,000 na familia ya Parsons ikiwa mbele, Lucy, Albert na watoto wao wawili. Siku ile ilipita kwa amani. Mei 3 polisi wakawapiga risasi wagomaji kwenye kiwanda cha mashine za kuvunia cha McCormick. Mei 4 usiku ukafanyika mkutano wa kulaani mauaji hayo pale uwanja wa Haymarket, Albert akahutubia, mvua ikataka kunyesha, yeye na Lucy na watoto wakaenda kwenye ukumbi wa jirani. Mkutano unaisha, watu wamebaki wachache, polisi wakaja kuutawanya, mtu akarusha bomu. Askari saba walikufa, na raia nao wakafa kwa risasi zilizofuata. Aliyerusha hajajulikana mpaka leo.

Wakashtakiwa wanane. Hakuna aliyethibitishwa kulirusha lile bomu. Mwendesha mashtaka alichofanya ni kuleta magazeti yao mahakamani, makala za The Alarm zikasomwa, hoja ikawa kwamba maneno yao ndo yaliyoua. Albert alikuwa keshatoroka, yuko salama Wisconsin, akarudi mwenyewe siku kesi inaanza akaingia mahakamani kukaa na wenzake. Saba wakahukumiwa kunyongwa na mmoja, Oscar Neebe, miaka 15. Lucy hakushtakiwa, ingawa maneno yake yalikuwa makali kuliko ya wengi waliokaa kizimbani, na wanahistoria wengi wanaona ni kwa sababu upande wa mashtaka uliogopa baraza la wazee wa mahakama lisingekubali kumnyonga mwanamke na hivyo wanaume wote wangepona.

Ukifikiria hapo unaona uzito aliobeba. Mume wake ananyongwa kwa sababu ya maneno, na katika maneno hayo yake yamo.

Alifanya nini? Akatoka kwenda kuhutubia nchi nzima kuchanga hela za rufaa, mji mmoja anashangiliwa, mji mwingine anakamatwa, Columbus kule Ohio walimweka ndani. Albert alikataa kumwomba gavana msamaha kwa sababu kuomba msamaha ni kukiri kosa, na Lucy alisimama naye kwenye hilo. Kati ya wale saba, Fielden na Schwab waliomba, wakabadilishiwa kuwa kifungo cha maisha. Mwingine, Louis Lingg, akajilipua ndani ya seli siku moja kabla ya kunyongwa. Novemba 11, 1887 wakanyongwa Parsons, Spies, Fischer na Engel. Asubuhi ile Lucy alikwenda gerezani na watoto wake wawili na rafiki yake Lizzie Holmes ili watoto wamwone baba yao mara ya mwisho, askari wakawa wanamzungusha, nenda kona ile, hapana nenda ile, mwisho wakawakamata wote, wakawavua nguo kuwapekua eti wana mabomu, mpaka watoto, wakawafungia seli, wakawaachia shughuli ilipokwisha. Mwaka 1893 Gavana Altgeld aliwaachia huru watatu waliobaki na akaandika wazi kwamba kesi ile haikuwa ya haki, baraza lilipangwa na jaji alikuwa na upande.

Mtoto wake wa kike, Lulu, alifariki 1889 akiwa na miaka 8. Mwaka huo huo Lucy akatoa kitabu cha maisha na maandishi ya mume wake, na akaendelea kukiuza kwa mkono barabarani kwa miaka mingi, maana polisi wa Chicago walikuwa wanamzuia kwenye kumbi kila anapotaka kuhutubia.

Kuna sehemu mbili za maisha yake ambazo zinanisumbua na sioni sababu ya kuzificha. Ya kwanza ni rangi. Aprili 1886 aliandika The Alarm kuhusu mauaji ya Carrollton, Mississippi, ambapo kundi la wazungu wenye silaha lilivamia mahakama na kuua Weusi zaidi ya 20, kisa ndugu wawili Weusi walithubutu kumshtaki mzungu. Lucy akauliza kama kuna mtu mjinga kiasi cha kuamini kwamba hayo yanamfika mtu Mweusi kwa sababu ya weusi wake. Akajijibu hapana, ni kwa sababu ni maskini, ni tegemezi. Sasa hapa alikosea vibaya. Umaskini ulikuwepo, sawa, lakini maskini wa kizungu Mississippi alikuwa anaweza kwenda mahakamani akarudi nyumbani. Nadhani mtu aliyeficha asili yake maisha yote ilikuwa ngumu kwake kuandika kitu kingine, maana angekubali kwamba rangi yenyewe inaua angelazimika kusema na yeye ni nani. Simhukumu kwa kuficha, maana nchi ile ilimpa kila sababu ya kuficha. Ila kama mchambuzi wa jamii hapo aliacha pengo kubwa, na ukitaka kumfanya leo kuwa mtetezi mkuu wa Weusi wa zama zake, kama nionavyo wengi wanafanya, maandishi yake yatakukatalia. Kitu kimoja tu kinanipa faraja, kwamba uzeeni, anakaribia miaka 80, alifanya kazi na shirika la kutetea wafungwa lililokuwa karibu na wakomunisti, International Labor Defense, ambalo lilikuwa linawatetea wale vijana tisa Weusi wa Scottsboro, Alabama, waliosingiziwa ubakaji mwaka 1931. Hakuandika kufuta ya 1886. Lakini alikuwepo.

Ya pili ni mwanae wa kiume, Albert mdogo. Mwaka 1899 walitofautiana, kijana anataka kwenda jeshini, na Lucy akaenda mahakamani akamfanya atangazwe mgonjwa wa akili, akapelekwa hospitali ya vichaa ya Elgin. Hakutoka tena, alikufa humo 1919. Mwanamke aliyesema neno la uanarkisti lisilobadilika ni moja tu, uhuru, alitumia mahakama ya serikali kumfungia mwanae. Sina namna ya kulielezea likakaa vizuri na sitaki kulielezea likakaa vizuri.

Na Emma Goldman, anarkisti mwenzake maarufu? Waligombana hadharani miaka ya 1890. Emma alikuwa anaona mapenzi huria na uhuru wa mwili wa mwanamke ni kiini cha mapinduzi, Lucy akaona mambo hayo yanawatoa watu kwenye suala la mkate. Kwenye ugomvi ule mi niko katikati, ila nasema Emma alikuwa na haki kwamba mwanamke hakandamizwi kiwandani peke yake, na Lucy alikuwa na haki kwamba mwanamke mwenye njaa hana uhuru wowote wa kuchagua nani alale naye. Tuwaache hapo maana kuna jambo kubwa zaidi.

Jambo lenyewe ni Juni 1905, ukumbi wa Brand, Chicago. Wamekutana wajumbe kuanzisha muungano mpya wa wafanyakazi, IWW (Industrial Workers of the World), wakiwemo viongozi wa wafanyakazi wenye majina kama Bill Haywood, Eugene Debs na Mother Jones, muungano utakaopokea kila mtu, fundi na asiye na ufundi, mwanamke na mwanaume, Mweusi, mzungu, mhamiaji, wakati vyama vingi vya zama zile vilikuwa vinachuja watu mlangoni. Lucy anasimama. Kwa bahati nzuri kulikuwa na waandishi wa kumbukumbu kwa hiyo maneno yake tunayo.

Anaanza na kura. Anasema sisi wanawake wa nchi hii hatuna kura hata tungeitaka, njia pekee ya kuwakilishwa ni kupitia mwanaume, na nyie wanaume mmetuwakilisha hovyo kiasi kwamba hatuna imani ya kuwaomba tena. Kisha: sisi ni watumwa wa watumwa, tunanyonywa kuliko wanaume, na kila mishahara inapotakiwa kushushwa tabaka la matajiri linawatumia wanawake kuishushia. Anasema pia kwamba yupo pale kwa niaba ya wale dada zake anaowaona usiku akitoka, wanaouza miili yao ili walipe kodi ya chumba.

Isome tena ile ya kushusha mishahara. Ni uchumi ule, tena wa kazini kabisa, umefungwa kwenye sentensi moja. Hasemi wanaume wawaonee huruma wanawake. Anasema ukimwacha mwanamke nje ya muungano, mwajiri atamtumia huyo huyo kukukata wewe mshahara, kwa hiyo umoja wako ni bure. Hapo ndipo alipowazidi wengi waliokuwa ukumbini. Na anawataja makahaba kama wafanyakazi wenzake, mwaka 1905, mbele ya wanaume wa migodini na reli, bila kuwasimanga hata kidogo.

Halafu anakuja kwenye mgomo. Anasema kwa mtazamo wake mgomo wa kesho hautakuwa wa kugoma, kutoka nje na kufa njaa, utakuwa wa kugoma na kubaki ndani na kushika mali inayohitajika kuzalishia. Na akaongeza kwamba wafanyakazi wakiamua hivyo kwa pamoja hakuna jeshi la kuwashinda, kwa sababu jeshi lenyewe ni wao.

Hebu ilinganishe na ile barua ya 1884. Mtu wa 1884 yuko nje, peke yake, ukingoni mwa ziwa, na silaha yake ni baruti. Mtu wa 1905 yuko ndani ya kiwanda, na wenzake, na silaha yake ni kwamba bila yeye mashine haizunguki. Mwandishi ni yule yule, hasira ni ile ile, wala hajalainika hata chembe, lakini fikra imekomaa, sasa tiba inalingana na ugonjwa. Sijui kama yeye mwenyewe aliwahi kukaa akasema nimebadilika, ila maandishi yanaonyesha. Na haikuwa ndoto, Desemba 1936 wafanyakazi wa General Motors kule Flint, Michigan walikaa ndani ya viwanda siku 44 mpaka Februari 1937 kampuni ikakubali kuutambua muungano wao. Lucy alikuwa hai.

Januari 1915 tena, ana miaka zaidi ya 60, baridi ya Chicago, aliongoza maandamano ya wenye njaa kutoka Hull House, kituo cha kusaidia maskini, polisi wakawapiga, akakamatwa. Siku zile zile mwanachama wa IWW, Ralph Chaplin, mwenyeji wa Chicago, alimalizia kuandika wimbo aliokuwa ameuanza, Solidarity Forever. Wimbo huo msomaji wa Tanzania au Kenya anaufahamu hata kama hajawahi kuuliza ulitoka wapi. Ndo ule unaoimbwa Mei Mosi viongozi wamesimama jukwaani na wafanyakazi wameshikana mikono, na walimu wa Kenya wakigoma ndo wanaoimba. Unatoka kwenye mitaa ile, kwenye baridi ile, kwenye muungano ule alioushiriki kuuanzisha yule mama.

Na Mei Mosi yenyewe pia. Mkutano wa wasoshalisti wa Paris mwaka 1889 uliamua Mei mosi 1890 iwe siku ya wafanyakazi dunia nzima kudai saa nane, wakifuata mapambano ya Marekani. Marekani wenyewe serikali yao ikaweka sikukuu ya wafanyakazi Septemba, mbali kabisa na Mei, huku sisi wa mbali tukaendelea na tarehe ya Chicago. Hata huku haikuja kama zawadi. Makhan Singh na Fred Kubai walikamatwa Nairobi Mei 1950 kwa kazi ya vyama vya wafanyakazi, mji ukagoma, na Makhan Singh alikaa kizuizini mpaka 1961.

Sasa tazama tunavyoisherehekea. Fulana mpya zenye nembo ya taasisi, mabango, gwaride mbele ya mgeni rasmi, mfanyakazi hodari anapewa cheti na bahasha, halafu wote masikio wazi kusubiri kama Rais atasema neno kuhusu mshahara. Mwaka 2025 pale Singida Rais Samia alitangaza kima cha chini cha watumishi wa umma kipande kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Kwa familia nyingi hiyo ni ada ya mtoto na unga wa mwezi, sitaibeza hata siku moja. Lakini ukiwa umemsoma Lucy unaona kilichokosekana pale uwanjani, kwamba mfanyakazi ni msikilizaji kwenye siku yake mwenyewe. Anasubiri kutangaziwa. Watu walioianzisha hii siku hawakuwa wanasubiri kutangaziwa, walikuwa wameshazima mashine.

Na wale watumwa wa watumwa wako wapi siku hiyo? Dada wa kazi yuko nyumbani, bosi wake ndo kavaa fulana kaenda uwanjani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Dada anaamka saa kumi na moja alfajiri kuandaa watoto wa shule, analala wa mwisho baada ya kuosha vyombo vya usiku, analala chumba kimoja na watoto ili wakiamka usiku awe karibu, piga hesabu mwenyewe. Tanzania kuna CHODAWU, Kenya kuna KUDHEIHA, vyama ambavyo wafanyakazi wa majumbani wanaruhusiwa kujiunga, lakini atajiunga saa ngapi na simu mara nyingine anakatazwa kushika? Ile hoja ya 1905 inamgusa pia huyo mwenye fulana, maana mshahara wake mdogo unamtosha kwa sababu tu kuna binti anayefanya kazi ya nyumba kwa hela ndogo zaidi. Mwajiri wake mkubwa anaokoa kupitia mgongo wa huyo binti. Hapo Lucy angeongea saa nzima.

Machi 7, 1942 nyumba yake Chicago iliwaka moto, akafia humo akiwa na miaka karibu 90 na macho hayaoni vizuri. George Markstall, mwenzake waliyekuwa wanaishi pamoja, naye akafa kwa majeraha. Alikuwa na maktaba ya vitabu na makaratasi, inatajwa vitabu kama 1,500, na kwa sehemu kubwa moto haukuimaliza. Polisi waliichukua na FBI wakahusika, marafiki zake wakadai warudishiwe, hawakurudishiwa. Mwaka mmoja tu kabla alikuwa amehutubia wagomaji wa International Harvester, kampuni iliyotokana na ile ile ya McCormick, ambako risasi za polisi za 1886 ndo zilizaa mkutano wa Haymarket. Mwaka 2004 Chicago wakaamua kuipa bustani moja jina lake na chama cha polisi kikapinga, zaidi ya miaka 60 baada ya kufa kwake.

Kwa hiyo tunachomsoma leo ni kile kilichosalia kwenye magazeti yaliyokwisha kusambazwa, vijitabu alivyouza mwenyewe mitaani, na kumbukumbu za mikutano ambazo hazikuwa mikononi mwake. Kama mtu ana jioni moja tu ya kumpa, asianze na barua ya wazururaji kama watu wengi wanavyoelekezwa. Aanze na hotuba ya 1905, ambayo ni kurasa chache tu, kisha ndo arudi 1884 akiwa anajua huyu mtu anakwenda kufika wapi. Na vyama vyetu vya wafanyakazi, ambavyo vinaimba ule wimbo kila mwaka, viitafsiri hiyo hotuba nzima kwa Kiswahili na kuiweka kwenye semina za matawi, na nakala za kwanza ziende kwa wale madada.